Yamaha HS5 kwenye chumba cha mita 3: uzoefu wangu wa mwaka na ushee

Wiki ya tatu baada ya kuzinunua spika hizi za studio, nilikuwa kwenye daladala natoka Kariakoo kurudi Mbagala. Nikampa dereva flashi yenye wimbo niliomaliza kuumiksi usiku wa kuamkia siku hiyo, maana nilitaka kuusikia mahali ambapo watu watausikilizia. Kiki, yaani ile ngoma nzito ya chini, ilipoingia, vioo vikaanza kutetemeka na dada aliyeimba akapotea. Zilibaki herufi "s" zikipita juu ya ngurumo. Mzee aliyekaa mbele akasema, "Mwanangu, punguza hilo dude, tunaumwa vichwa." Dereva akachomoa flashi akanirudishia bila neno. Na nyumbani, kwenye spika zilezile mpya, wimbo huo ulikuwa na besi nyembamba mpaka nikawa nimeiongeza mara tatu!

Niliumia. Nilidhani nimenunua vibaya na kuitupa hela ya miezi mingi. Kilichofuata ndicho kimenifanya niandike, kwa sababu vijana wengi wanaofungua studio chumbani huulizana wanunue spika gani, na sijasikia mmoja akiuliza chumba kina mita ngapi.

Changu kina mita 3 kwa 3.3. Sakafu ni tailizi, dari la jipsam, dirisha moja la aluminiamu. Narekodi waimbaji wa Bongo Fleva na wanakwaya, na mara mojamoja kikundi cha taarab kinachobanana humo kama samaki kwenye tenga. Karibu kila anayenilipa ananilipa kwa ajili ya sauti ya mtu.

Kabla ya kununua nilizunguka Kariakoo siku mbili. Duka moja lilikuwa na aina tatu za spika za inchi 5 juu ya rafu moja: KRK Rokit 5 zenye koni (ile sehemu ya mbele inayotetemeka) ya njano, JBL 305P MkII, na hizi HS5 zenye koni nyeupe. Muuzaji akazipiga kwa zamu, na kila mara niliipenda ile iliyokuwa imefunguliwa zaidi. Sikio ndivyo lilivyo: sauti ikizidi kidogo tu, linaiona ni nzuri. Nikamwomba kwanza asawazishe ukubwa wa sauti zake, kisha nikatoa simu yenye rekodi nne ambazo nazijua mpaka mahali mtu anapovuta pumzi: taarab ya zamani yenye fidla nyingi na ganuni, kwaya isiyo na ala, singeli ya zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na mtu akisoma habari tu. Nenda dukani na zako. Muuzaji ana wimbo wake wa kuuzia, na wimbo huo unapendeza hata kwenye redio ya mkulima.

Kwenye JBL singeli ilijaa vizuri sana. Kwa maelezo ya kiwandani zinashuka mpaka hezi 43 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; ikipungua, sauti ni nzito zaidi), na kweli unalisikia hilo. HS5 zinaandikwa hezi 54, na hapo sauti imekwisha kushuka desibeli 10, kipimo cha ukubwa wa sauti. Lakini kwaya ilipoanza kwenye HS5, nilimsikia mwimbaji mmoja wa sauti ya pili ambaye kila mstari anachelewa kidogo kuingia. Nilikuwa nimeisikiliza rekodi ile miaka mingi na sikuwahi kumjua. Fidla za taarab nazo zikawa fidla kadhaa, kila moja na mtu wake, badala ya kitu kimoja kinene. Nikalipa hapohapo. Zinauzwa mojamoja, kwa hiyo ukitajiwa bei uliza kama ni ya moja au ya mbili. Mimi nusura nitoke dukani na spika moja.

Koni nyeupe ina historia yake. Yamaha walitoa NS-10 mwaka 1978 kama spika ya kusikilizia muziki nyumbani, lakini ikaishia juu ya meza za studio dunia nzima mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Haikusifika kwa utamu. Ilisifika kwa kuweka wazi makosa ya katikati, pale sauti ya binadamu inapokaa. HS5 ni spika nyingine kabisa ndani yake, lakini kwangu kazi yake ni hiyohiyo. Msikilizaji wetu yuko kwenye simu, kwenye bajaji, kwenye sabufa ya kinyozi. Simu haitoi besi yoyote ya maana. Katikati pakiharibika, wimbo umekufa mkononi mwake.

Turudi kwenye aibu ya daladala. Usiku ule nilifungua FL Studio, programu ninayotengenezea muziki, nikatengeneza mlio mmoja mtupu wa hezi 57, nikauacha unalia, nikaanza kutembea chumbani. Nikiwa nimesimama karibu na ukuta, ulinijaa kifuani. Kwenye kona ulikuwa mkubwa zaidi. Nikarudi kwenye kiti changu, katikati ya chumba, ukatoweka. Nilinyanyuka na kukaa zaidi ya mara kumi, siamini.

Hesabu yake si ngumu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6, mara mbili ya upana wa chumba changu. Linagonga ukuta huu, linarudi kutoka ukuta ule, linajipanda lenyewe: kwenye kuta linavimba, katikati linajifuta. Ule upande wa mita 3.3 unafanya vilevile kwenye hezi 52. Noti ya A ya chini, hezi 55, iko katikati ya hizo mbili, na ndipo besi za nyimbo zangu nyingi zinapokaa. Kiti nilikuwa nimekiweka katikati kabisa kwa sababu palionekana pamepangika. Basi nilikuwa naongeza besi ambayo ipo, ila mimi nimekaa kwenye shimo lake.

Kaka yangu aliniambia tangu mwanzo, "Dogo, hela unayo, chukua HS8 umalize." Zile zina inchi 8 na zinashuka mpaka hezi 38. Kwenye chumba hiki zingelisha zaidi mawimbi yaleyale yanayonisumbua, na mama mwenye nyumba, ambaye ukuta wa chumba chake cha kulala ndio ukuta wangu, angenifukuza.

Nilihamisha meza. Sasa nakaa kama mita 1.25 kutoka ukuta wa mbele, kwenye mstari wa kati kushoto na kulia, lakini si nusu ya urefu wa chumba. Kutoka spika hadi spika ni mita 1, na kutoka kila spika hadi kichwani ni mita 1. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, iko usawa wa sikio: kila spika nimeiwekea tofali la inchi 6 na juu yake kipande cha sponji ngumu ili meza isitetemeke. Nyuma ya HS5 kuna swichi iitwayo ROOM CONTROL, ambayo hupunguza sauti za chini ya hezi 500 kwa desibeli 2 au 4. Zangu ziko jirani na ukuta na tundu lao la hewa liko nyuma, kwa hiyo nimeweka 2. Swichi nyingine ni HIGH TRIM. Nikifanya kazi usiku mrefu naishusha desibeli 2, kwa sababu twita hii haifichi kitu na baada ya saa tatu za kazi sikio linachoka.

Kuhusu trei za mayai, nawaomba sana. Nilizibandika ukuta mzima kama nilivyoona kwa wenzangu. Zilipunguza kidogo mlio wa kupiga makofi, basi. Wimbi la mita 6 halijui kama trei ipo. Zaidi ya hapo ni karatasi kavu zilizozunguka nyaya za umeme. Nilizibandua zote. Fundi seremala wa Keko alinitengenezea fremu nne za mbao zenye kina cha sentimita 10, nikazijaza sufi ya mawe, yaani nyuzi za mwamba zinazomeza sauti, nikazivika kitenge. Mbili ziko kwenye kona nyuma ya spika, mbili ukutani, kushoto na kulia, pale ambapo mtu akitembeza kioo ukutani ningeiona spika nikiwa nimekaa. Shimo la hezi 57 bado lipo, lakini sauti za watu zimetulia, na maneno nayasikia bila kuongeza chochote. Fremu hizi zilibadilisha kazi yangu kuliko badiliko lolote ambalo ningelipata kwa kuhama kutoka spika moja ya inchi 5 kwenda nyingine.

Mambo mawili ya umeme. Ndugu akikuletea HS5 kutoka Marekani, soma volti iliyoandikwa nyuma kabla ya kuchomeka. Ya huko ni ya volti 120, na soketi yetu ni 230. Na ukisikia mvumo mzito usiokoma, anza na waya. Mimi nilikuwa natumia nyaya za kawaida za redio kutoka kwenye saundi kadi. Nilipoweka nyaya za sauti za pini tatu, zile za balansi zinazozuia mvumo, na kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo ukaisha.

Kama unatengeneza singeli au biti ambazo uhai wake uko chini ya hezi 60, nisingekushauri HS5 peke yake; sikiliza kwanza zile zinazoshuka zaidi, na uwe na chumba kinachozimudu. Kwa anayerekodi waimbaji kwenye chumba kama changu, ningezinunua tena leo. Chini kabisa bado nahakikisha kwa hedifoni. Halafu kabla sijamkabidhi mteja kazi, natoka nje nakaa kwenye bajaji ya jirani yangu, tunausikiliza wimbo wote injini ikiwa inaunguruma, na nikishindwa kuyasikia maneno ya ubeti wa kwanza narudi ndani.