Hesabu za duka: kompyuta ya dukani au wingu?
Kwa duka la vipuri hapa Lubumbashi, tuseme katika komuni iitwayo Kenya, mimi ningechagua wingu, yaani kuweka hesabu kwenye kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti. Kompyuta ya dukani ina raha yake: intaneti ikikatika unaendelea kuuza, tena hulipi kila mwezi. Lakini umeme ukizimika ghafla faili huweza kuharibika. Niliwahi kusikia diski ikikwaruza kama msumari juu ya bati, na hesabu za mwaka mzima zikaenda nayo. Iliniuma sana.

Wingu nalo limesogea karibu: Microsoft ilifungua vituo vya kompyuta hizo Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020. Shida ni megabaiti, zinakula faranga. Tafuta programu inayoandika kwanza kwenye simu, kisha itume mtandao ukirudi.