Glovu za roboti baada ya kiharusi: uliza kwanza inavaliwaje

Malalamiko ninayoletewa ni yaleyale: glovu imenunuliwa kwa fedha nyingi, imevaliwa siku chache, sasa imelala kabatini. Haikuharibika, ila haivaliki. Mkono uliokazwa na kiharusi hujikunja ngumi, gumba likajificha kiganjani, na ukiuvuta kwa haraka ndipo unapozidi kukaza. Mgonjwa ataingizaje vidole vitano kwenye glovu, peke yake, kwa mkono mmoja? Watengenezaji huhesabu aina za mazoezi na saa za betri. Mimi naanzia hapo kwenye kuvaa.

Naipenda MyoPro kuliko zote, kifaa chenye mota kinachovaliwa mkononi, na upendeleo huo siufichi. Mkono unalazwa ndani yake, kisha mikanda inafungwa. Hakuna kusukuma vidole kwenye mifuko. Vihisi vinavyogusa ngozi hupokea ishara ndogo za umeme wa misuli, halafu mota husaidia kukunja na kukunjua kiwiko na vidole. Haisogei mpaka mwenyewe ajaribu, na ubongo hujifunza upya kwa kujaribu. Ni nzito, kweli. Tena asiye na ishara yoyote ya misuli haimfai, kwa hiyo apimwe kabla ya kulipa.

Huyo misuli yake ikiwa kimya, namwelekeza kwa IpsiHand, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2021. Inasoma mawimbi ya ubongo upande ambao haukudhurika, kisha inausogeza mkono. Ni ya mazoezi, si ya kushikia sufuria, na inahitaji cheti cha daktari.

Carbonhand, glovu ya Sweden, huongeza nguvu ya kushika lakini haifungui vidole. Mwenye ngumi iliyokaza aiache. Anayefungua mkono mwenyewe ila kikombe kinamponyoka, itamfaa.

Glovu za bei nafuu za kujazwa hewa: kama lazima, pima nguvu ya kukunjua, si ya kukunja. Nazo zikisogeza vidole huku mgonjwa akitazama televisheni, ubongo haujapewa kazi.

Wauzaji wananiudhi. Picha zao ni za mikono mizima, vidole vimenyooka, na wengi bei hawaiandiki. Unaambiwa ujaze fomu upigiwe simu. Familia iliyochoshwa na uuguzi haistahili kuzungushwa hivyo. Mwambie muuzaji akutumie video ya mtu aliyepata kiharusi akivaa kifaa hicho bila msaidizi, tangu mwanzo hadi mkanda wa mwisho, bila kukatwa. Asipokuwa nayo, fedha zako zibaki kwako.