Kikokotoo cha mshahara cha Uholanzi: kodi kinaijua, mwalimu hakimjui

Nafundisha shule ya msingi Rotterdam Kusini, watoto wa miaka minane na tisa. Ndugu na jamaa wa Tanga wana swali moja ambalo haliishi: "Mwalimu huko Ulaya mnalipwa ngapi?" Nikiwatajia mshahara ghafi wanashangilia. Nikitaja kinachoingia benki, wanasema nawaficha. Sasa nawatumia kiungo cha kikokotoo cha bure cha mtandaoni, kile cha kugeuza bruto, yaani mshahara ghafi, kuwa neto, yaani kinachobaki mkononi (si kile cha mafao kilichowatoa jasho walimu wa Tanzania), wajionee wenyewe. Jina lake silitaji kwa sababu nina ya kukilaumu, tena vinavyofanana nacho ni vingi.

Kwanza upate namba ya kukilisha. Mwalimu wa hapa hakai na mwalimu mkuu kupatana bei. Kuna mkataba wa pamoja wa sekta nzima na jedwali la mishahara lililo wazi kwa yeyote. Wengi wetu tuko daraja la LB, lenye ngazi 12, na kwa kawaida unapanda ngazi moja kwa mwaka. Baada ya nyongeza ya Julai 2023, ngazi ya kwanza kwa shule za msingi ilikuwa euro 3,301 kwa mwezi, ya mwisho 5,036. Juu yake kuna LC na LD. Haikuja hivihivi: walimu wa msingi walikuwa wakilipwa chini ya wenzao wa sekondari, wakagoma 2017, mwezi Juni kwa saa moja, Oktoba kwa siku nzima, na pengo likaja kuzibwa 2022.

Haya, kikokotoo. Ukurasa ni mwepesi, hata simu ya zamani inaufungua, japo matangazo ya bima yanakuandama kila unaposhusha kidole. Unaandika kiasi, unachagua mwaka wa kodi, unaweka umri, kisha unakutana na kisanduku cha loonheffingskorting, yaani nafuu ya kodi. Hapa nawapongeza. Wameeleza kwa maneno machache kwamba nafuu hiyo inawekwa kwa mwajiri mmoja tu. Mwenye vibarua viwili akiitia alama kote, atakuja kudaiwa baadaye, na barua ya mamlaka ya kodi haina lugha ya kubembeleza.

Nikaweka 3,301, kodi ya 2024. Kikatoa kama 2,740. Kwa upande wa kodi hesabu hiyo iko sawa, nimeikagua kwa mkono. Kiwango cha mwaka ule kilikuwa asilimia 36.97 hadi euro 75,518 za mapato ya mwaka, na mtu akikiona anadhani zaidi ya theluthi ya mshahara imekwenda. La hasha. Kuna nafuu ya jumla, iliyofika hadi 3,362 kwa mwaka, na nafuu ya mfanyakazi iliyofika hadi 5,532. Hizo ndizo zinazomwokoa mwalimu mpya. Mshahara ukinona, nazo zinakonda. Halafu ndani ya hiyo 36.97, asilimia 27.65 ni michango ya bima za taifa, ikiwemo pensheni ya uzeeni ya serikali. Kodi yenyewe hasa ni ile iliyobaki.

Lawama yangu ni ABP. Huo ni mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali na wa elimu, na mwalimu hana hiari ya kujitoa. Mwajiri anatoa takriban asilimia 70 ya mchango, wewe 30, na fungu lako linakatwa kabla ya kodi. Kikokotoo hiki hakina hata pa kuliandika! Ukilihesabu, zile 2,740 zinakuwa karibu 2,620. Tofauti ya euro 120 si ya kupuuza mahali ambapo bima ya afya, inayolipwa kutoka humohumo kwenye neto, ilikuwa kama 147 kwa mwezi mwaka huo. Kwa mkongwe wa ngazi ya 12, kikokotoo kinasema karibu 3,600, hati ya mshahara inakaribia 3,430. Mwalimu wa Tanzania aliyezoea kuona kodi ya PAYE, mfuko wa pensheni PSSSF, bodi ya mikopo na chama cha walimu CWT vikipanga foleni kwenye hati yake hatashtuka kukatwa. Atashtuka kukatwa bila kuambiwa.

Kilichonifurahisha ni sehemu ya saa pungufu. Huku kufundisha siku nne kwa wiki ni jambo la kawaida kabisa, hasa shule za msingi, na mkataba unaandika 0.8. Zidisha mwenyewe: 3,301 mara 0.8 ni 2,641. Kikokotoo kikanipa kama 2,350. Yaani kazi imepungua kwa asilimia 20, pesa ya mkononi kwa kama 14. Nilipoiona hiyo namba ndipo nikaelewa kwa nini Ijumaa chumba cha walimu kinakuwa kitupu.

Posho za mwaka wamezibananga. Mei tunalipwa pesa ya likizo, asilimia 8 ya mshahara wa mwaka, na Desemba posho ya mwisho wa mwaka, asilimia 8.33. Ukiziingiza, kikokotoo kinakusanya kila kitu na kukigawa kwa 12, utadhani zinaingia kila mwezi. Hati yangu ya Mei inasema vingine: mstari wa vakantie-uitkering, hiyo pesa ya likizo, una tarakimu nne za kupendeza, na chini yake mstari wa bijzonder tarief, kiwango maalumu cha kodi, umekula karibu nusu. Sehemu huweza kurudi ukijaza marejesho ya kodi, ambayo milango yake hufunguliwa Machi. Lakini ukipanga nauli ya kwenda nyumbani kwa namba ya kikokotoo, utaishia Schiphol, uwanja wa ndege wa hukuhuku.

Nyota tatu kati ya tano. Wakiweka kisanduku cha ABP nitaongeza ya nne. Na wewe uliyeahidiwa kazi ya ualimu huku, usikubali kutajiwa jumla ya mwezi peke yake. Uliza daraja gani, ngazi ya ngapi, na mkataba ni wa 1.0 au pungufu. Bila hivyo vitatu, hicho kisanduku cha kwanza huna cha kukijazia.