Kamusi ya Oxford ya mtandaoni kwa wanafunzi: inafaa, ila usiishie kwenye maana

Kamusi hii ya bure ya Kiingereza ina thamani kubwa pale ambapo wengi hawaangalii: mistari midogo ya muundo iliyo juu ya mifano. Tafuta "borrow" utaona "borrow something from somebody". Kwenye "lend" utakuta "lend something to somebody". Sisi kwa Kiswahili tunasema "kuazima" kwa pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, ndiyo maana kosa la "borrow me your pen" haliishi madarasani. Ukifungua "discuss", kuna onyo kabisa kwamba "about" haifuati. Na "advice" imewekewa alama ya nomino isiyohesabika, kwa hiyo "advices" ifute.

Maneno 3000 ya msingi yamepangwa kwa viwango vya lugha, kuanzia A1 (cha chini kabisa) hadi B2. Anayeanza ashike A1 na A2 kwanza. Spika ya bluu ni matamshi ya Uingereza, nyekundu ya Marekani.

Kasoro? Maelezo yote ni ya Kiingereza, hakuna Kiswahili hata chembe, kwa hiyo anayeanza kabisa atahangaika. Huyo aanze na kamusi ya lugha mbili, kisha aje huku kunakili muundo na kutunga sentensi zake mbili tatu.