Kuangalia ndege Mida na Arabuko-Sokoke: uliza maji kabla hujauliza bei

Nyota nne. Nimekwenda mara mbili, na ingekuwa ni ile safari ya kwanza peke yake ningetoa moja, tena ya huruma, kwa hivyo soma mpaka chini kabla hujaanza kunijibu.

Kwa wasiopajua, Mida ni mkono wa bahari unaoingia ndani pale karibu na Watamu, mikoko pembeni na katikati tope na mchanga, na ukivuka barabara ya Malindi tu uko kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, kama kilomita mraba 420 za msitu wa pwani. Sasa kuanzia Agosti hivi mpaka Aprili ndege wa mbali wanakuja kukaa Mida kwa sababu huko kwao kunaingia baridi. Babu zetu walikuwa wakingoja majahazi ya Oman na kaskazi, hawa wenzetu hawangojei hata upepo, ila ukitaka kuwakuta wengi njoo Desemba mpaka Machi, Siberia huko barafu na wewe hapa shati limekuganda mgongoni kwa jasho.

Haya, safari ya kwanza. Desemba, jamaa fulani wa Mombasa wanaopanga matembezi ya wikendi, siwataji, 3,500 kwa kichwa, matatu ya kukodi na chai njiani. Tuliambiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri, tukaondoka saa moja na nusu manake kuna watu wawili walikuwa bado wanaoga, halafu tukasimama Mtwapa mahamri, tukasimama daraja la Kilifi picha, kufika Mida saa nne. Na siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida! Mvuvi yeyote atakwambia bamvua huku kwetu maji hukauka saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, kwa hivyo tulifika bahari imekwenda zake na ndege wameifuata huko huko, wanaonekana kama punje za mchele zimemwagika kwenye turubai. Darubini mbili, watu kumi na wanne. Nilipouliza habari ya kurudishiwa hata nusu ya pesa nikajibiwa ndege ni wa Mungu hatuwezi kuwaahidi. Sawa, ni wa Mungu, lakini jedwali la maji liko kwenye simu.

Nilirudi Januari kwa kiburi tu. Mimi nafanya kazi ya kliaringi bandarini, meli ikikosa maji napigiwa simu mimi, sasa nishindwe na ndege? Nikangoja mwezi mpevu upite siku moja ili nikute bamvua tena, maji yakijaa jioni, nikaenda kulala kwa shangazi yangu Gede, na nikatafuta kijana wa hapo hapo Mida anayeongoza wageni, nikampigia mwenyewe bila dalali. Swali lake la kwanza halikuwa pesa, aliniuliza unataka nini, wa msituni au wa maji, nikamwambia wote, akasema basi alfajiri msitu, saa nane mchana ndio tuteremke Mida maji yakianza kupanda. Hapo hapo nikajua huyu ndiye.

Shangazi alipouliza naenda kutafuta nini alfajiri yote ile nikafanya kosa la kumwambia ukweli. Bundi? Mwanangu, watu hapa bundi akitua paa la jirani wanatafuta dawa, wewe umetoka Mombasa kwa nauli yako unamfuata mpaka msituni kwake?

Ndio, manake bundi mwenyewe si wa kawaida. Huyu wa Sokoke ni mdogo sana, sentimita 16 au 17 hivi, gramu kama 50, na duniani kote ukiacha huu upande wetu anajulikana pia chini ya milima ya Usambara kule Tanzania, basi. Yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Hakai kwenye ile miti mirefu ya mirihi yenye mwanga, anakaa kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu ambavyo ukiingia unatoka umechanika.

Tuliingia saa kumi na mbili (kiingilio cha msitu ni kivyake na unalipa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, lipa usiku kabla hujalala kwa sababu mtandao pale asubuhi ni bahati nasibu). Kijana akaniambia simama hapa usikohoe, akapotea kichakani kama dakika ishirini, mimi na mbu. Akarudi anatembea kinyumenyume, ananiita kwa kidole. Nikainama nikatambaa, akanionyesha, sioni kitu, majani tu, akanishika kichwa akakigeuza kidogo na hapo ndipo nikawaona, wawili, wamekaa tawi moja usawa wa uso wangu wamebanana mabega kama watu kwenye matatu ya jioni. Mmoja wa kijivu, mmoja rangi ya kutu, kumbe ni ndege wale wale ila wanazaliwa rangi tofauti. Yule wa kutu akafungua jicho moja nusu, la manjano, akaniangalia, akalifunga. Yaani hakuona sababu. Nikabandika simu kwenye kioo cha darubini nikapata picha moja ya maana, na kijana akasema twende, dakika tano zinatosha wasije wakahama. Hakupiga mluzi wala hakucheza sauti kwenye simu, nikampa alama kwa hilo.

Mchana Mida. Kuna daraja la mbao linaning'inia kati ya mikoko, linayumba kidogo ukitembea, na mwisho wake kibanda cha kuangalia ndege, na pesa ya kiingilio chake inasaidia karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vya hapo, kwa hivyo usibishane bei. Ukikaa pale maji yakipanda huna haja ya kufanya lolote, bahari yenyewe inakuletea ndege. Kila tope likifunikwa wanasogea hatua chache mbele, wanakula, wanasogea tena. Sululu na mdomo wake kama sululu kweli. Vitwitwi wa Siberia. Kuna mmoja mdomo umepinda kwenda juu kama jambia, anakimbiza kaa ameinama kama mwizi wa kuku, huyo alinichekesha.

Lakini niliyemfuata ni yule mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi, miguu mirefu ya kijivu, kijana anamwita krabu plova, chakula chake kaa. Anazalia Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani ndani kabisa anataga yai moja jeupe. Walikuwa zaidi ya mia mbele yetu. Na nilichokiona sijakisahau: mtoto wa kijivu, kimo sawa na mzazi, ameruka kutoka Uarabuni kwa mbawa zake mwenyewe, anamfuata mzazi nyuma nyuma anapiga mluzi, nipe nipe nipe. Mzazi akakamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikakatika, akampa. Mtu mzima huyo! Wanalishwa hivi hivi miezi mpaka huku ugenini. Mimi nina ndugu yangu wa namna hiyo lakini tuyaache.

Nyota ya tano imekwenda wapi? Darubini moja tu tukipokezana, na ile ya miguu mitatu hana, mwenye yake aje nayo. Halafu majina yote ananipa ya Kizungu, nikambana ndio akaanza kutoa ya Kigiriama aliyofunzwa na bibi yake, na hayo ndiyo yalikuwa matamu, sasa kwa nini mpaka umwombe? Bei 2,000 kwa siku nzima, nikaongeza mwenyewe. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufungika, beba maji mengi, kofia.

Usiku nikamwonyesha shangazi ile picha. Alikataa kwanza, akafunika macho kwa leso, halafu akachungulia upande mmoja, akaichukua simu akaisogeza karibu na taa. Akanyamaza. Akaniuliza, "Hiki nacho bundi au kifaranga?"