Zaburi za kusikiliza: tathmini ya mtu anayeuguza

Namuuguza mama tangu alipopata kiharusi, na katika simu yangu hakuna kitu nilichokitumia kuliko Biblia ya kusikiliza, toleo la Union Version, hasa kitabu cha Zaburi. Mtu aliyekesha na mgonjwa hasomi. Macho yanapita juu ya mistari huku akili ikifuata pumzi za aliyelala. Kinachobaki ni sikio.

Nianze na msomaji, maana ndiye anayebeba kazi yote. Ni mtu mzima kwa sauti yake, hana haraka wala hafanyi maigizo. Akifika Zaburi ya 13, yale maswali ya “hata lini” yanayofuatana anayatoa kama mtu anayetaka jibu kweli, na baada ya kila moja ananyamaza kidogo. Katika vile vituo ndipo nilipomsikia mama akisema “hata lini” pamoja naye. Mama huyu kumwita mtu jina tu ni kazi, lakini maneno aliyoyashika tangu utoto yalimtoka bila kukwama. Hutokea kwa wengi waliopotewa na usemi kwa kiharusi: sala na nyimbo za zamani hubaki hata maneno ya kawaida yakigoma. Anayeuguza mgonjwa wa aina hiyo, kwa hilo peke yake naomba apakue.

Zaburi hiyo ina mistari 6 tu. Inaanza kwa mtu kumwuliza Mungu kama amemsahau na inaisha kwa kuimba, wala hapo katikati hatuambiwi kwamba adui ameondoka. Anasema tu, “Nami nimezitumainia fadhili zako.” Mimi nililelewa nikiamini kwamba anayemtegemea Mungu halalamiki. Kuzisikia Zaburi mfululizo kumenionyesha watu wanaolalamika mbele za Mungu mwenyewe, tena kwa sauti, kwa kuwa wana hakika anasikia. Ungekuwa humtumaini, ungemlilia wa nini?

Ndiyo maana nina lawama moja nzito kwa programu niliyonayo. Waandaaji wametenga orodha ya Zaburi za faraja. Imo ya 23, imo ya 46, imo ya 121, zote nazipenda. Ya 13 haimo. Ya 88 pia haimo, ile inayoanza kwa kulia mchana na usiku na kuisha gizani bila mstari hata mmoja wa kuinua moyo. Wenye kupanga orodha labda walihofia itamvunja mtu. Kwangu ilikuwa kinyume. Usiku ambao mama alikataa dawa na kunisukuma mkono, Zaburi ya 88 ndiyo pekee niliyoweza kuifanya sala yangu. Imewekwa katika Maandiko Matakatifu ikiwa na giza lake lote, nami nikajua hata sala ya namna hiyo inapokelewa. Nawaomba waandaaji waziongeze hizo mbili, pamoja na ya 130.

Mengine ni ya kiufundi. Sura zikishapakuliwa zinasikika bila intaneti. Kuna saa ya kuzima sauti yenyewe, iweke, la sivyo sura zitaendelea mpaka asubuhi na chaji kuisha. Kasi inaweza kupunguzwa, na kwa mgonjwa ipunguze kidogo. Muziki wa chini umewekwa kwa kupenda kwao; mimi niliuzima siku ya kwanza, kwani unafunika vituo vya msomaji. Kinachoudhi ni ujumbe wa kutia moyo unaoruka kwenye kioo katikati ya kusikiliza. Nenda kwenye mipangilio uuzuie.

Kwa anayeanza, nashauri usifuate mpangilio wa 1 hadi 150. Sikiliza ya 13, kisha ya 27, kisha ya 56, ambayo ina maneno “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe”, na zirudie hizo mpaka mgonjwa wako azizoee. Ya 119 ina mistari 176. Iache kwa mchana, siku ambayo kuna mtu wa kukupokea zamu.