Mtoko wa wapenzi Kijiji cha Makumbusho: msonge wa kwao, tembe ya kwetu

Mitoko ya Dar nimeichoka. Mihogo ya Coco Beach, sinema Mlimani City, au mgahawa wa ghorofani Masaki ambako nusu saa ya kwanza ni kupiga picha na nusu saa ya mwisho ni kusubiri bili. Nikamwambia mwenzangu, Jumamosi tukutane Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Akacheka: "Si kule tulikopelekwa shule ya msingi?"

Ndiyo bahati mbaya ya pale. Watu wengi wa mjini wanapajua kama kituo cha daladala, au mahali pa kupelekwa na mwalimu mkiwa mmepanga mstari. Wapenzi hawapelekani. Na msichanganye na Makumbusho ya Taifa ya Mtaa wa Shaaban Robert, yenye mambo ya Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai. Hiki kiko Barabara ya Bagamoyo. Ni eneo la wazi lenye miti, na humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, kwa ukubwa wake halisi, na mnaingia ndani. Kiingilio kwa Mtanzania hakifikii bei ya juisi moja ya Masaki.

Mimi kwetu Mpwapwa, Mgogo. Yeye ni Mhaya wa Muleba kwa maneno. Kuzaliwa Sinza, kukua Sinza. Basi tukakubaliana kila mmoja amtembeze mwenzake kwao.

Tulianza na msonge, nyumba ya asili ya Wahaya. Nyasi zinashuka kutoka kileleni mpaka ardhini, ukuta huuoni kabisa. Ndani kuna giza na ubaridi hata jua la saa tisa likiwa linachoma nje, na mafundi wamegawa sehemu kwa mabua. Kagera mvua haibembelezi, kwa hiyo umbo lile linayaacha maji yateleze yaende zake. Mwenzangu akaanza kueleza bibi yake alikuwa anaketi upande gani na namna walivyotandika nyasi sakafuni. Hayo hakuwahi kuniambia tukiwa mgahawani, na simu hakuishika. Unshomile, yale majivuno ya Kihaya, ulimpanda kidogo, nikamvumilia.

Zamu yangu ikawa tembe, nyumba ya Wagogo. Kwetu mvua ni ya kubahatisha, basi paa liko bapa, udongo umetandazwa juu ya magogo na fito. Nyumba ni fupi, lazima uiname. Vyumba vimezunguka ua, na zamani mifugo ililala humo usiku ili kuepuka fisi na wezi. Akasimama katikati ya ua akauliza unaingiza ng'ombe wangapi. Nikamwambia swali hilo akawaulize baba zangu wadogo. Akanyamaza kidogo, halafu akataka kujua bei ya ng'ombe mmoja Dodoma siku hizi. Jamani, mgahawa gani ungetufikisha huko?

Nyumba nyingine tulizipita haraka, ingawa ya Wachaga ilitusimamisha. Na yenyewe imevaa nyasi, tukaanza kubishana nani kamuiga nani. Hatukuafikiana.

Mwisho wa wiki, alasiri, huwa kuna ngoma. Ulizia kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu bila ngoma raha inapungua sana. Ukikuta zinapigwa, kaa karibu. Wapo wageni wanaorekodi tu kwa simu. Nyinyi ingieni mcheze, hakuna wa kuwacheka.

Nenda saa tisa au saa kumi, mapema zaidi utaokwa. Viatu viwe vya chini, kwani njia ni za vumbi, na dada mwenye nywele za kupanda juu ajue milango ile haina adabu kwa vichwa virefu. Paka dawa ya mbu. Siwashauri waliojuana wiki iliyopita; maswali ya ukoo yanakuja yenyewe pale, na anayeona aibu ya kwao atahangaika. Lakini kama mmeshaanza kutajana kwa wazazi, sijaona mahali pazuri zaidi mjini kwa pesa ile.

Kwa chakula tulikwenda kwa mama ntilie Sinza, kula ndizi nyama, yeye ndiye aliyechagua. Jumamosi ijayo nachagua mimi, na nimeshamwambia ni ugali wa uwele na mlenda.